Uwanja wa Magongo Tuliousiriba

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Shule alinikabidhi ufunguo wa stoo na magongo kumi na moja. Akaniambia, "Mwalimu, hapa wasichana wanacheza netiboli. Hayo usiniulize yametoka wapi." Sikuuliza. Nilikuwa msichana nisiyejua kukaa, na hata leo, mstaafu mwenye magoti mabovu, chai hunipoea nikizunguka uani.

Kumfundisha mtu mpira wa magongo huanzia mikononi. Gongo lina uso mmoja bapa, na huo tu ndio unaoruhusiwa kugusa mpira, kwa hiyo hata anayetumia mkono wa kushoto hulishika kama wenzake. Wasichana walinung'unika, kisha wakazoea. Magongo yalipovunjika, seremala mmoja wa mtaa wa Kitete alituchongea mengine ya mninga, mazito kama michi. Nilitumikia wakuu wanne. Wawili waliniona napoteza muda wa masomo.

Miaka mitatu kabla sijastaafu aliletwa Haruka, binti wa Kijapani wa miaka ishirini na mmoja, kujitolea kufundisha michezo kwa miaka miwili. Kwao alikuwa mshambuliaji chipukizi, akaachwa nje ya orodha ya timu yake, na kwa uchungu akaomba kuja mbali. Walimu wengine wakiamka, yeye ameshakimbia hadi kijijini kwetu Kwihara na kurudi. Nilimpenda, niseme tu. Nilijiona katika ile haraka yake.

Hajatimiza mwaka, kocha wa kwao akamwandikia kwamba wanachagua timu ya taifa. Atume video ya mazoezi yake kabla ya mwisho wa mwezi, na akionekana anafaa, arudi. Tatizo likawa uwanja. Wetu ulikuwa wa kichanga, mpira ukirukaruka ovyo. Nikasema tusiribe kipande, kama tufanyavyo nyumbani kabla ya kupura mtama: udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe, unalainishwa kwa viganja, unaachwa ukauke. Wasichana wa vijijini waliijua kazi hiyo. Baada ya siku tano mpira ulibingirika bila kuruka, na Haruka akacheka peke yake.

Alikuwa amenisimulia kuwa kwao uwanja humwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uende kasi. Basi asubuhi ya video niliagiza ndoo nane, zikamwagwa zote. Haruka alikuja, akautazama uwanja, akanitazama mimi, akasema, "Asante, Mwalimu." Alipokimbia mara ya tatu akateleza. Kifundo cha mguu kilivimba, na hospitalini wakamwambia asikikanyagie kwa wiki sita. Mwezi ukaisha, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Akabaki nasi hadi muda wake ulipokwisha, na wasichana wakajua magongo kweli kweli. Nami nilifurahi. Hilo ndilo linaloninyima raha. Mimi mtoto wa Kwihara, nimekulia kwenye viwanja vya kupuria. Nani asiyejua kuwa sakafu ya udongo haimwagiwi maji? Nilisahau, au sikutaka aondoke? Nimejiuliza nikipika, nikifagia, hata kanisani padri akihubiri.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Anachezea timu ya daraja la pili huko kwao. Baada ya shikamoo yake na marahaba yangu nikamwambia yote, pamoja na ile furaha.

"Niliona panateleza, Mwalimu," akasema. "Lakini wewe mkubwa ulikuwa umeshaandaa. Ningekwambiaje?"

Nilitaka kumjibu kwamba angesema tu, ningemsikiliza. Lakini miaka yote ile, msichana aliyethubutu kuniambia nimekosea nilimtoa uwanjani, na Haruka alikuwa pale pembeni, akiona.