Barua ya Kumwondoa Kocha

Mpaka leo sijui kwa nini kocha yule hakupenda pointi tatu. Wako watu hawapendi samaki, wako wasiopenda kelele, yeye hakupenda pointi tatu za bure. Kila Jumamosi mchana nilikaa sebuleni kwangu Pearland, nje kidogo ya Houston, sahani ya pilau mapajani, nikimtazama mtu mzima mwenye kofia na visikilizio masikioni akikataa kitu ambacho mtoto mdogo angekipokea kwa mikono miwili.

Nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe ilinichukua misimu miwili kuelewa. Katika mpira wa Kimarekani timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ukifika jaribio la nne hujatimiza, na uko karibu na goli la wenzako, unaweza kumwita mpigaji wako apige teke. Mpira ukipita kati ya milingoti unapewa pointi tatu, mnarudi benchini mnakunywa maji. Au unaweza kukataa teke na kujaribu kusukumana mara ya mwisho. Mkishindwa, mpira wanachukua wao na ninyi hamna kitu. Kocha wetu alikuwa anakataa teke, wiki hadi wiki. Mara nyingine vijana walipenya, nami nikaruka hadi mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Mara nyingi zaidi, au ndivyo nilivyoona mimi, walirundikana chini kama magunia, mwamuzi akaja kupima, ikaonekana tumekosa kwa urefu wa kiatu.

Timu yenyewe ilikuwa ya chuo cha binti yangu, chuo kidogo tu kati ya Dallas na Fort Worth, mechi zake tunaziona mtandaoni. Mke wangu husema nilihamia kwenye timu ile kabla binti hajahamia bwenini. Ni kweli. Dar es Salaam nilikuwa mwanachama wa klabu mwenye kadi, tena katibu wa tawi, na timu ikifungwa nilikuwa sili. Nilipofika Texas nilikaa miaka mingi bila timu ya kunikosesha raha, nikawa kama mtu aliyepoteza saa na bado anatazama mkono. Binti alipopata nafasi chuoni nilinunua fulana, kofia, kikombe cha chai, na kibandiko cha gari. Yeye mwenyewe hakununua hata kimoja.

Binti yangu alisomea hesabu. Mwaka wa tatu akaniambia kwamba amepata kazi ya saa chache katika timu, kwenye ofisi ya kocha. Nikauliza kazi gani. Akasema, "Za karatasi, Baba, na kompyuta." Nilisikia karatasi, nikaona mashine ya fotokopi, nikaridhika. Watu walipouliza niliwajibu kuwa anasaidia saidia ofisini.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka wake wa mwisho, akatuletea habari nyingine. Alikuwa amekuja nyumbani wikiendi, tunakula. Kocha alikuwa amemwambia kwamba akimaliza Desemba atamwajiri kazi kamili, mradi yeye mwenyewe bado yupo. Mke wangu akasema Alhamdulillahi. Binti hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini siku ile alicheka hadi akaacha kula. Nikaelewa vizuri kabisa: kocha akibaki, mwanangu ana kazi anayoipenda. Kocha akiondoka, hana.

Sasa nieleze nilivyokuwa msimu ule, kama ninaweza. Baba wa binti alitaka kocha abaki. Mwanachama wa klabu alitaka kocha aondoke, ikiwezekana kabla ya kipindi cha pili. Wote wawili walikaa kwenye kochi moja na kula sahani moja. Tukishinda nilishukuru Mungu kwa ajili ya mwanangu, na dakika ile ile nikakasirika kwamba ushindi utampa mtu huyu wiki nyingine. Tukifungwa nilisononeka, halafu kichinichini nikajikuta nahesabu mechi zilizobaki. Nilikuwa sijielewi. Nimefanya kazi ya maabara hospitalini miaka kumi na saba, kazi yangu ni kusema hiki ni hiki na kile ni kile, lakini Jumamosi sikuweza kusema ninataka nini.

Mechi ikiisha nilimpigia binti. Kila mara nilianza vilevile.

"Huyu kocha wako anafikiria nini?"

"Baba, it's complicated."

"Nini complicated? Tatu ni tatu!"

"Sawa, Baba. Umekula?"

Mwezi wa kumi niliendesha gari mwendo wa saa nne kwenda kuitazama timu kwa macho yangu. Binti alinipatia kiti kizuri, ila yeye mwenyewe sikumwona hadi mwisho. Alikuwa juu kwenye kile chumba cha vioo wanachokaa wasaidizi. Siku hiyo tulikataa teke mara mbili, tukashindwa zote mbili, tukafungwa kwa pointi mbili. Nilimkuta nje ya uwanja amekumbatia jalada la karatasi, macho mekundu. Nikamwambia pole, mtu huyu anawachosha bure. Akasema, "Tulijua kuna hatari yake. Bado ilikuwa sahihi." Nikamwangalia. Nikadhani anamtetea bosi wake, kama wafanyakazi wazuri wanavyofanya. Tukaenda kula kuku.

Niliporudi Houston nikawakuta wenzangu wawili wamechemka kuliko mimi. Mmoja ni jirani yangu Mkenya, nesi, ambaye mwanawe pia anasoma chuo kile. Mwingine ni Mrundi wa mtaa wa Sharpstown, mfanyakazi wa ghala, ambaye hana mtoto pale wala ndugu. Aliipenda timu kwa sababu nilimwalika mara moja akaona tunafungwa, akatuhurumia.

"Lakini huyu coach ako na shida gani?" Mkenya akasema. "Si apige tu hiyo kick!"

"Uyu mutu anatuua, bwana," Mrundi akasema. "Anatuua kabisa."

Nami nikafanya jambo ambalo Mmarekani hangelifanya. Mmarekani akichukizwa na kocha hutukana mtandaoni, akamaliza, akalala. Sisi kwetu timu ikiharibika tawi linakaa kikao, linaandika barua. Barua ina mamlaka yake. Nikaleta kompyuta mezani, nikaandika kwa Kiingereza, lakini kwa mtindo wa nyumbani: anwani juu kulia, kichwa cha habari kwa herufi kubwa na mstari chini yake, salamu za heshima, kisha hoja zenye namba. Hoja ya kwanza, tunawapenda vijana. Hoja ya pili, tunasikitishwa na tabia ya kukataa pointi tatu. Hoja ya tatu, tunaomba kwa unyenyekevu kocha apumzishwe. Hoja ya nne niliiandika bila hata kufikiri, kwa sababu barua ya namna ile bila hoja ya nne haijakamilika: tunaomba benchi zima la ufundi livunjwe, pamoja na yeyote anayemshauri kocha katika jambo hili.

Mwishoni nikaweka nakala. Mkuu wa chuo, mkurugenzi wa michezo, na kocha mwenyewe. Huwezi kumsema mtu bila kumpelekea nakala, huo ungekuwa umbeya.

Mkenya akaisoma akacheka. "Hii inakaa barua ya kuomba leave." Lakini akatia sahihi. Mrundi akatia sahihi, akaongeza cheo chake, mjumbe. Nami nikatia sahihi chini, jina kamili, katibu.

Mtu anaweza kuniuliza kama nilimfikiria mwanangu. Nilimfikiria. Nilijiambia hakuna atakayeisoma, hii ni Amerika, barua zinasomwa na mashine. Nilijiambia pia kwamba akija kocha mwenye akili atahitaji mtu wa kusaidia saidia ofisini, na mwanangu ni mchapakazi. Na nilijiambia klabu kwanza. Sababu tatu, kila moja inapingana na mwenzake, na zote niliziamini.

Baada ya siku kumi hivi likaja jibu. Si kutoka kwa mkuu wa chuo wala kwa mkurugenzi. Kocha mwenyewe, karatasi nzuri, sahihi ya kalamu. Alishukuru kwa heshima ya barua yetu, akasema ndiyo pekee aliyoipata msimu ule isiyokuwa na matusi. Kisha akaandika kwamba kuhusu hoja ya nne, uamuzi wote wa jaribio la nne ni wake peke yake, na hakuna msaidizi anayestahili kulaumiwa wala kupoteza kazi kwa sababu hiyo.

Niliwasomea wenzangu kwa simu. "Amekiri!" nikasema. Mrundi akashangilia. Lakini nilipokata simu nikaisoma tena nikiwa peke yangu, na kitu hakikukaa sawa. Mtu anayepigiwa kelele za kuondoka kwa kawaida hutafuta wa kugawana naye lawama. Huyu alikuwa anazikusanya zote. Nikajiuliza ni kiburi au ni nini. Nikaiweka barua kwenye droo.

Mechi mbili za mwisho tulifungwa. Ya mwisho kabisa ilikuja jaribio la nne, yadi moja, dakika chache zimebaki, tuko nyuma kwa pointi tatu. Alikataa teke. Walirundikana. Mwamuzi akaja kupima. Tukakosa tena. Jumatatu mchana, nikiwa kazini, simu ikaanza kutetemeka mfukoni: kocha ameondolewa, na wasaidizi wake pamoja naye. Mkenya akatuma vidole gumba vingi. Mrundi akatuma sauti ya kicheko tu, ndefu. Nami nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi kwa muda wa kutoka maabara hadi kwenye lifti. Kwenye lifti nikampigia binti, hakupokea.

Alikuja nyumbani Alhamisi ile ya sikukuu yao ya Shukrani, gari limejaa hadi kwenye kioo cha nyuma: vitabu, mito, sufuria, kiti cha ofisi. Mama yake alikuwa ameoka bata mzinga kwa bizari na ndimu, ndege yule mkubwa ambaye mpaka leo hatujamweza. Tukala. Binti alikula vizuri, akamsifu mama yake. Nikaona niseme neno la baba.

"Usijali, mwanangu. Atakuja kocha mwenye akili zake. Wewe utamsaidia tu ofisini kama ulivyomsaidia huyu."

Akaweka uma chini. "Baba, anakuja na watu wake. Nimeshaambiwa." Kisha akaendelea, kwa Kiswahili, taratibu, na binti yangu akinijibu kwa Kiswahili mfululizo huwa najua hakuna mchezo. "Ile karatasi anayoishika kocha mkononi, inayomwambia lini apige teke na lini asipige, ni mimi niliyeitengeneza. Mwaka mzima. Nilikuwa nahesabu kila yadi. Nilimwambia kocha kwamba ukijumlisha msimu mzima, kukataa teke kunalipa. Aliniamini. Tukashindwa, wakubwa wakamuuliza nani anakushauri, akasema hakuna."

Mke wangu aliacha kutafuna.

"Barua yenu kocha aliisoma kwenye kikao," binti akaendelea. "Na sahihi zenu. Akauliza kama katibu ni ndugu yangu. Nikasema ni baba yangu. Wenzangu wote walikuwepo."

Niliwaza barua ile ya kalamu kwenye droo, na mtu mwenye kofia ambaye nilikuwa nimemwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alikuwa amesimama mbele ya mwanangu akipokea mawe, na mimi ndiye nilikuwa nikiyarusha. Nilipata aibu ambayo sijawahi kuipata ugenini wala nyumbani.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ulikuwa unanipigia kila Jumamosi," akasema. "Kila Jumamosi uliniuliza kocha anafikiria nini. Hata siku moja hukuniuliza mimi nafanya nini."

Mke wangu akanitazama.

Nikakaa nikitazama kitambaa cha meza. Bado sikuelewa mambo ya yadi na teke, na najua ni vibaya kukiri, lakini hata wakati ule kipande cha kichwa changu kilikuwa kinasema tatu ni tatu. Nikakinyamazisha. Nikamgeukia.

"Haya, mwanangu. Niambie. Unafanya nini?"

Alinitazama bila hasira, kama anayetafuta njia ya kunijibu ambayo haitaniumiza, na akaikosa.

"Sasa hivi sifanyi kitu, Baba," akasema. Akainuka, akachukua sahani yake na yangu, akazipeleka jikoni.