Mluzi wa Luhaga

Pale Mvumi, wilayani Kilosa, kila mtu aliijua sifa ya Luhaga Maganga: maksai wake wawili wa kulimia, Treni na Waziri, walimsikia yeye peke yake. Mluzi mrefu, wanakwenda. Mluzi mfupi, wanasimama. Mtu mwingine angepiga mluzi mpaka midomo ipasuke, wao wangecheua tu. Aliwafundisha hivyo makusudi, asije jirani akawaazima.

"Ng'ombe si jembe," alizoea kusema. "Haazimwi."

Watu walicheka, ila neno hilo waliliweka moyoni.

Mwezi wa kumi na moja alishikwa na mafua na homa kali. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, naye hakuona sababu ya kujilaza. Alilima siku nne jasho la homa likimtiririka. Wiki mbili baadaye miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, akawa hapati usingizi ila ameegemea ukuta.

Hospitalini, daktari kijana aitwaye Winnie alimpima kwa mashine, akamweleza kwamba misuli ya moyo wake imevimba kwa ugonjwa ule ule alioubeba mpaka shambani.

"Kaka, ng'ombe akichubuliwa na nira, kesho yake unamfunga tena?"

"Hapana. Kidonda kitaoza."

"Basi moyo wako ndio huyo ng'ombe. Miezi sita usishike jembe wala plau, usibebe hata ndoo ya maji. Dawa kila siku. Halafu tutapima tena."

"Nitapona?"

"Wengine hupona kabisa. Wengine hawaponi. Siwezi kukuahidi."

Miezi sita ingetimia mwezi wa tano. Masika haikumngoja, ilianza mwezi wa tatu. Na ekari zake tano zilikuwa za kuazima kwa mzee Abubakari, kwa desturi ya pale: shamba la kuazima halilali. Masika ikipita halijalimwa, linarudi kwa mwenyewe, na hakuna ugomvi.

Joyce, mkewe, alizunguka kuomba ng'ombe. Kila alipobisha alijibiwa kwa adabu, "Tukimaliza kwetu, dada." Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyesahau.

Siku ya tatu ya mvua akaamua. "Wewe utakaa pembeni kwenye kigoda, upige mluzi. Plau nitashika mimi."

"Watakusumbua."

"Nimekaa na wewe miaka kumi na miwili. Hao ni wawili tu."

Mzee Abubakari alifika shambani Joyce akiwafunga ng'ombe nira.

"Shikamoo, mzee," Luhaga alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Lo! Msukuma kakalishwa kama bibi harusi, mke ndiye anayelima!"

Ulikuwa utani wao wa makabila, wa miaka yote. Safari hii mzee hakumaliza kuucheka. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye miguu ya Luhaga, iliyovimba hata kandambili hazikuingia.

Mluzi wa kwanza ulitoka upepo mtupu. Wa pili ulilia. Treni akasimamisha masikio, wakaenda hatua kumi, kisha wakasita. Maisha yao yote mluzi ule ulitoka nyuma yao. Sasa ulitoka ubavuni. Wakageuka kumtafuta mwenyewe, wakamkokota Joyce na plau yake, wakachora mfereji uliopinda mpaka kwenye kigoda.

"Siyo huko! Luhaga, waambie!"

Hakuwa na mluzi wa kuwaambia hivyo. Dawa yake ilikuwa moja tu: atembee nyuma yao. Akainuka, akashika mpini wa plau. Moyo ukaruka pigo, kisha ukapiga matatu kwa pupa.

Joyce akamzuia kifuani kwa mikono yenye tope. "Shamba liende."

"Tutakula nini?"

"Sijui. Shamba liende."

Luhaga akarudi kukaa. Mzee Abubakari alikohoa, akatazama pembeni.

"Jumatatu wajukuu wangu wataingia shambani," alisema taratibu. "Nilikuwa naomba Mungu nisiwe mimi wa kulisema."

"Wachukue na hawa ng'ombe, mzee. Wakulimie."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Luhaga kukubali ng'ombe wake waazimwe.

"Watatusikia?"

Luhaga akawageukia ng'ombe wake. Treni na Waziri walikuwa wamesimama mbele yake na nira shingoni, pua zao zikimpumulia magotini, wakingoja mluzi mrefu.