Chungu cha Papa Kasereka

Niliondoka Gisenyi na hasira ya kuchemsha Ziwa Kivu lote. Miche ya viazi ya shangazi yangu wa Mudende, anayoilea ndani ya chupa chumbani, ilikuwa imerefuka kama nyuzi za kushonea. Ilitaka mwanga wa bluu ili isirefuke hivyo. Na unga wa kupaka kwenye taa ili itoe bluu, anaouoka mzee fundi mmoja, Papa Kasereka, huko Goma, ulikuwa umetoka na mwanga mwekundu mara mbili. Mara mbili! Dawa ya kuutengeneza ilibaki kijiko kimoja.

Saa mbili asubuhi, mpakani, Grande Barrière. Ofisa akachungulia kopo langu.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya taa, mkubwa."

"Taa iko mugonjwa?"

Wauza nyanya waliokuwa nyuma yangu walicheka hadi Kongo nzima ikasikia. Mimi sikucheka.

Saa tatu, Goma. Papa Kasereka alitia dawa kwenye kichungu, akakifunika, akakizika ndani ya chungu kikubwa cha makaa, akakifunika nacho, akawasha moto. Hata sisi wa shule ya usiku tunajua: makaa yakiwaka yanakula hewa yote mle ndani, na hewa ikiingia kabla unga haujapoa, bluu imekwenda.

Saa sita, jirani yake Mama Zawadi akasimama mlangoni. "Papa, leo muko munapika nini?"

Papa Kasereka akachukua koleo, akashika kifuniko amfunulie!

Niliruka kama chui. "Acha! Ndivyo ulivyofanya mara zote mbili?"

"Bon, mugeni akiuliza, we utamuficha chungu? Watasema mi ni mulozi!"

Kumbe mzee huyu alikuwa anaharibu kazi yake kwa macho makavu, kwa kuogopa midomo ya jirani. Hasira yangu ikahama, ikamfuata mama mlangoni.

"Mama, aliyekataza ni mimi. Mlozi ni mimi. Kawaambie wote!"

Akawaambia. Mpaka jioni nilikuwa nimefukuza watu kumi, au elfu kumi, na kila mmoja alinitukana kivyake.

Unga ulipopoa, Papa Kasereka aliusogeza kwenye taa yake ya kupimia. Bluu! Mzee akakaa chini, akafunika uso kwa kofia.

Kesho yake, Mudende, shangazi aliwasha taa mpya iliyopakwa unga huo juu ya chupa. Baada ya wiki tatu miche ilikuwa mifupi, minene, yenye majani ya kijani.

Nimejifunza kwamba moto na makaa havitoshi. Anatakiwa pia mtu wa kuchukiwa mlangoni. Mama Zawadi mpaka leo hanisalimii. Na mimi simsalimii.