Mguu Uliogoma Kulegea

Mama yangu mzazi hana habari na miguu yangu. Sifa zote ni za wifi yangu, mke wa kaka: eti mtazame anavyoupanda mlima wa Suji na kiroba cha tangawizi kichwani, hata hahemi! Mimi niko nyuma yake na kiroba kama hichohicho, nani ananiona?

Basi watafiti walipokuja zahanati kupima misuli ya wanawake wanaobeba mizigo mlimani, nilimburuta wifi twende. Nilitaka ashindwe kwa namba. Kifaa chao kilikuwa kidogo kama tochi. Kiligonga msuli wa nyuma ya mguu taratibu, kikaonyesha ugumu wake na jinsi unavyorudi ukibonyezwa.

Wifi alilala kifudifudi, akasinzia. Mpimaji akatabasamu, akaandika, wifi akatoka nje. Zamu yangu nikaukaza mguu kama niko mlimani.

"Dada, legeza."

"Nimelegeza."

Akagonga mara tatu, akatikisa kichwa. Kumbe walitaka msuli uliopumzika. Nikajaribu kwa dhati kuulegeza, lakini kila nikikumbuka lile tabasamu unakaza wenyewe. Vipimo vyangu akavifuta.

Nyumbani nikamwambia mama mguu wangu ni mgumu mpaka kifaa kimeshindwa. Mama akaguna tu, akaendelea kupepeta mchele. Wifi ndiye aliyeniamini. Akanikumbatia, akanipongeza kwa furaha ya kweli kabisa.

Sijawahi kumchukia kama siku ile.