Mwalimu Aliyenifanya Karatasi ya Mtihani

Mwalimu wa fizikia wa mjukuu wangu, wanafunzi wamembandika jina la Mwalimu Kwanini. Ukimwambia mvua inakuja, atakuuliza umejuaje. Chaki imemganda kwenye mikono ya sweta mpaka naamini siku likifuliwa litabaki kola tu. Alipohamia shule ile, maabara ilikuwa stoo ya viti vibovu. Hakusubiri fundi. Alivivunja mwenyewe, mbao akazifanya njia za mteremko, na juu yake akawa anateremsha vigari vya maboksi vyenye magurudumu ya vifuniko vya chupa. Waliopita nje walidhani amerukwa na akili, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Aliwahi kuniambia kwamba marehemu mama yake alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mtu asiyekubali kuambiwa chakula kimeiva mpaka aonje. Binti naye kachukua tabia hiyo hiyo, ila yeye anaonja vichwa vya watu. Kabla ya kuanza mada yoyote huwauliza wanafunzi maswali yasiyo na maksi, kisha huyaficha majibu kabatini. Mada ikiisha huwarudishia kila mtu majibu yake, ajicheke mwenyewe. Na mwisho kabisa, kila mwanafunzi humfundisha mtu wa nyumbani asiyejua kitu, halafu mtu huyo anakuja darasani kueleza alichoelewa. Mwanafunzi husikiliza, na pale palipopinda ananyoosha. Hapo ndipo Mwalimu Kwanini anapoonja.

Sasa mjukuu wangu, nyumbani ni kasuku. Mpe karatasi ya mtihani, anakuwa jiwe. Mikono inalowa jasho, kanuni anaiandika miguu juu. Alishaanguka majaribio mpaka mwalimu wa taaluma akasema mtoto atolewe mkondo wa sayansi. Alilia akalala na viatu. Mwalimu Kwanini akamwendea yule bwana, akamwomba asubiri mada ya momenta iishe, aje akae darasani asikilize kwa masikio yake. Akakubali, ila akasema baada ya hapo hakuna tena kuombana.

Basi mtu wa kufundishwa nikawa mimi. Mimi ambaye darasani niliwahi kuingia kwa shughuli moja tu, kufagia.

Mjukuu akanikalisha jikoni. Momenta, akasema, ni ule ubishi wa kitu kinachotembea, kinachokataa kusimama, na ubishi huo unatokana na uzito wake na mwendo wake. Akapanga vigari viwili mezani, akavipakia vitunguu, na kila mara kabla ya kuvigonganisha akanilazimisha kubahatisha. Nilikosea nikakosea, hakunicheka. Kigari kinachotembea kikikigonga kilichosimama vikashikana, vyote viwili huenda pamoja, polepole kuliko kile cha kwanza. Ubishi ni ule ule, ila sasa unabeba mzigo mkubwa zaidi. Nililielewa hilo vizuri kama ninavyowaelewa wakwe zangu.

Siku ilipofika nikavaa gauni la harusi za watu. Mwalimu wa taaluma alikuwa amekaa nyuma, mikono kifuani, uso kama mlango uliofungwa. Mjukuu wangu alikuwa ameshageuka jiwe hata kabla sijafungua mdomo. Mwalimu Kwanini akaniambia, "Karibu Bibi, tueleze."

Nikawaeleza. Nikasema enzi za usichana wangu nilipanda mkokoteni uliojaa magunia ya mkaa, ukateremka mlimani kwa kasi mpaka kivuli changu kikachelewa nyuma. Kufika bondeni, kwenye tambarare, tukaugonga mkokoteni wa maboga uliosimama. Mikokoteni ikanasana. Hapo ndipo tulipopata kasi kweli kweli, mara mbili ya mwanzo, tukapita sokoni kuku wakabaki bila manyoya.

Darasa likacheka. Mwalimu wa taaluma akatikisa kichwa na kuanza kusimama.

"Bibi, hapo umedanganya," mjukuu wangu akasema.

Sauti ilikuwa ile ya jikoni. Nikamuuliza anamwambia nani muongo, alikuwepo?

"Sikuhitaji kuwepo. Mmeshafika tambarare, hakuna kinachowasukuma. Ikinasana, momenta ni ile ile lakini uzito umeongezeka, kwa hiyo mwendo lazima upungue. Kama maboga na mkokoteni wake yalikuwa na uzito sawa na wenu, mlibaki na nusu ya mwendo. Hao kuku walikuwa na muda wa kutosha kukimbia."

Mwalimu Kwanini hakumsifu. Alimuuliza tu, kwa utulivu, je kama mkokoteni wa maboga ungekuwa unakuja upande wetu, kwa uzito ule ule na mwendo ule ule?

"Ingesimama yote miwili palepale," akajibu. "Isipokuwa Bibi. Yeye hakufungwa kamba, angeendelea mbele peke yake."

Mwalimu wa taaluma alikuwa ameshakaa tena. Akamrushia maswali yake mwenyewe, magumu, na mtoto akayajibu akiwa ananitazama mimi kwa hasira. Mwishowe yule bwana akasema abaki sayansi, na karatasi zake zifuatiliwe. Uso wake ukafunguka kidogo, akaniuliza maboga yaliishia wapi. Nikamwambia bado yanaenda.

Wanangu waliniuliza kama ule uongo niliukusudia. Mimi simuulizi mtu akipiga chafya alikusudia nini.

Karatasi hazikumwogopesha tena kama zamani. Mwalimu Kwanini alimfundisha kwamba akikwama ajifanye swali limetoka kinywani mwangu, atafute nimedanganya wapi. Amefaulu hivyo hadi leo. Na mimi huitwa shuleni kila mada ile inapoisha, niwaongopee wengine.

Juzi nilikwenda na mjukuu wangu kumshukuru mwalimu. Nilimkuta maabara, amepiga magoti anatengeneza gurudumu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba yenye simba wawili na mafuriko. Nikamtazama na lile sweta lake, nikasema, "Asante, mwanangu. Ulimsubiri mtoto wangu." Nikaishia hapo, bila kutia chumvi.

Mjukuu wangu akanishika paji la uso, akidhani nina homa.