Uyoga wa Nyumba ya Nikolaus

Mvua za kwanza za mwaka huu zilimkuta Apolinaria amechoka. Haukuwa uchovu wa siku moja. Alikuwa amefundisha sayansi watoto wa watu mpaka akastaafu, akamuuguza mumewe Nikolaus mpaka akamzika, na alipogeuka akakuta nyumba nzima bado inamtazama yeye. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akiyabembeleza magoti yake kama mtu anayebembeleza punda mgomvi.

Lakini ngurumo hazimngoji mtu. Zikishapiga, vichuguu vilivyotapakaa kando ya njia ya zamani ya misafara, upande wa Ulyankulu, hutoa uyoga mweupe, na uyoga huo ndio ulioipa nyumba yao jina zuri tangu enzi za mama mkwe wake. Hapo ndipo Apolinaria alipoona kwa macho kile alichokisoma chuoni: mchwa ni mkulima. Hukusanya majani makavu na vijiti, huvitafuna, huvirundika katika vyumba vya chini ya ardhi, na juu ya rundo hilo huotesha chakula chake. Uyoga tunaokula ni kama ua la shamba hilo, na mzizi wake mrefu hushuka mpaka kwa mwenye shamba.

Kwa hiyo sheria ya nyumba ilikuwa moja: uyoga haukatwi. Unachimbuliwa kwa kijiti na kuuzwa na mzizi wake na udongo wake, mnunuzi aone umetoka wapi.

"Kwa mwalimu mnauziwa udongo," Hafsa, aliyeuza naye barabarani, alipenda kuwaambia wateja. "Uyoga mnapewa nyongeza!"

Watu walicheka, kisha wakanunua kwa mwalimu.

Msimu huu, magoti yalipogoma, kazi ilimwangukia Imakulata, mke wa mwanawe aliyekuwa kazini Kaliua. Apolinaria alimweleza sheria, akaenda kulala.

Alasiri moja bajaji ilisimama mbele ya nyumba. Alishuka Fatmabai, mke wa Badrudin mwenye duka la vitambaa mjini Tabora, mteja wao wa miaka mingi. Pindo la vazi lake lilikuwa limelowa matope.

"Mwalimu, sikai," alisema kabla hajakaribishwa. "Baba Irfan yuko hospitali. Jana alikula uyoga, hata vyombo havijatolewa mezani akaanza kutapika. Mpaka sasa ana dripu. Mimi uyoga siupendi, ndiyo maana unaniona nimesimama."

"Pole sana, Mama Irfan. Uyoga wa nani?"

"Nilimtuma msichana wa dukani. Anasema aliununua kwenu. Huu ndio uliobaki, naupeleka kwa daktari."

Akafungua mfuko. Kofia pana, nyeupe. Shina limekatwa kwa kisu, safi kama sahani. Apolinaria aliugeuza. Chini ya kofia, ile mikunjo myembamba ilikuwa imeanza kuingia ukijani. Aliujua. Huo huota kwenye nyasi, mara nyingi hatua chache tu kutoka kichuguuni, na anayeutazama kwa juu atasema ni ndugu. Nyuma yake, mlangoni pa jiko, Imakulata aliacha kupepeta mchele.

"Mama Irfan," Apolinaria alisema polepole, "miaka yote hii, umewahi kununua kwangu uyoga uliokatwa?"

"Hapana."

"Basi."

Neno hilo moja lilitosha. Fatmabai aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, mwalimu. Nilimwambia yule msichana, kwa Mwalimu Apolinaria haiwezekani. Angalia sasa nimekuvunjia heshima uani kwako." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi kwenye bajaji.

Vumbi la matairi halikuwepo kwa sababu ya mvua. Bajaji iliondoka tu, ikapotea. Apolinaria alibaki amenyoosha mkono ulioombwa msamaha kama kitu kisicho chake.

"Ulikata," alisema bila kugeuka.

"Wateja wa mjini wanapenda safi, mama. Hafsa anamaliza beseni mimi hata nusu sijafika."

"Na kichuguuni ulifika?"

Imakulata alitazama ungo. "Nilikuta watu wameshachimba. Pembeni kwenye nyasi ulikuwa umejaa, mkubwa, mweupe. Nikasema ni huo huo."

"Nani mwingine aliuchukua?"

"Dada Riya wa duka la vyombo. Nimempelekea leo. Ana wageni jioni."

Apolinaria alichukua kitenge chake kambani. Imakulata akamzuia mlangoni.

"Mama, tukisema tumekwisha. Umeshamwambia si wetu, na kaamini."

"Nilichomwambia nakijua. Nipishe."

Bodaboda ilimrusha mashimoni mpaka mjini. Dukani kwa Riya, kati ya masufuria na wateja, aliuliza uyoga uko wapi. Ulikuwa umeshaoshwa, uko kwenye chujio, na kitunguu kinakaangwa uani.

"Usipike. Una sumu."

"Sumu? Nani kaniuzia sumu?"

"Umetoka kwangu."

"Kwako, mwalimu?"

"Kwangu."

Mama mmoja aliyekuwa anachagua vikombe aliguna. "Haya! Kama hata kwa mwalimu, sisi tutakula majani ya ng'ombe."

Watu wakacheka. Apolinaria aliumwaga uyoga kwenye mfuko, akaufunga, akatoka nao.

Hospitalini Badrudin alikuwa ameketi kitandani, rangi imemtoka. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "umekuja kunimalizia?"

Muuguzi alikuwa ameshasema kwamba kule kutapika mapema ni dalili ya nafuu. Sumu ya uyoga mbaya kuliko wote hukawia kujionyesha. Apolinaria aliyasikia hayo, lakini hayakumpunguzia kitu. Alimgeukia Fatmabai.

"Ule uyoga ni wetu. Mke wa mwanangu ndiye aliyeuchuma, na mimi niliujua nilipouona."

"Uliujua."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikuombe msamaha."

"Ndiyo, Mama Irfan."

Fatmabai alitengeneza shuka ya mumewe ambayo haikuharibika. 

"Nenda nyumbani, mwalimu," alisema Fatmabai mwishowe. "Leo sina neno la kukuambia."

Nje, jua lilikuwa linashuka na kijana mwingine wa bodaboda alikuwa anafuta kiti chake kwa kitambaa.

"Shikamoo mama. Umesikia? Eti uyoga wa yule mwalimu wa barabara ya Ulyankulu umemlaza mzee wa duka la vitambaa."

"Marahaba. Nimesikia."

"Mwalimu mzima! Watu si wa kuwaamini. Haya, nikupeleke wapi?"

Apolinaria alipanda, akaubana mfuko mapajani.

"Huko huko," alisema. "Kwa huyo mwalimu."