Kochi Lililomtangulia Mwalimu

Dada yangu hajui kutembea, anajua kukimbia tu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mwalimu Mbio. Anafundisha chekechea, wale wadogo kabisa wanaovaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, na anawapenda mpaka nasi nduguze mezani hutuambia tunyooshe kidole kabla ya kuomba chumvi.

Mwaka huo mkuu wa shule alimwekea sharti: apate wazazi wa kumsaidia darasani kwa zamu, la sivyo wadogo wabaki nyumbani mpaka mwaka ujao. Dada aliumia sana. Wazazi wenyewe walikuwa wakifika getini wanasukuma mtoto ndani, kisha hao, wametoweka. Basi akaamua kuwafuata nyumbani, na mimi akanikokota.

Kwa mama wa mapacha tulikalishwa kwenye kochi la kijani lenye maua mekundu, mkono mmoja umeungua chapa nyeusi ya pasi. Mama alijibu kila kitu "ndiyo, mwalimu", mgongo umenyooka kama anapigwa picha ya kitambulisho. Zamu za darasani zilipotajwa, akakumbuka ana nguo kwenye kamba.

Kwa kinyozi, baba wa yule binti anayeng'ata wenzake, tulimkuta mwenyewe anahema, jasho linamtiririka. Kochi la kijani. Maua mekundu. Nikachungulia mkono wa kochi: chapa ya pasi! Nilimfinya dada, naye akanifinya zaidi. Nikauma midomo mpaka machozi yakanitoka, na kinyozi, mtu wa huruma, akaniuliza kama nimefiwa.

"Mimi darasani nitafanya nini, mwalimu?" alisema. "Najua mashine ya kunyolea tu."

Wakati wa kuaga alitung'ang'ania mlangoni, huku ndani kitu kizito kikiburutwa kuelekea mlango wa uani. "Msiwe na haraka jamani! Hata maji hamjanywa!" Lakini unamwambia nani? Mbio ni Mbio. Tulipokata kona kwenda nyumba ya tatu, tukaliona kochi limekwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Huku nje mama wa mapacha anasukuma, na ndani bibi wa mwanafunzi mwingine anafoka, "Inamisha! Inamisha, wewe!"

Mama akageuka, akatuona, akaganda. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani kujificha. Dada alitupa mkoba chini, akashika mguu wa kochi.

"Bibi, tuvute kulia au kushoto?"

Kisha bibi akaangua kicheko huko ndani, na sote tukafuata, mama wa mapacha amekaa chini kabisa kwenye vumbi. Kinyozi alifika mbio kutusaidia. Kochi likagoma, basi tukalikalia hapo hapo lilipo.

"Ni langu," alisema bibi. "Tulisikia unakuja kukagua."

"Kukagua nini?" dada akashangaa. "Kwangu mimi nakalia ndoo!" Kweli kabisa, kiti chake cha pekee ni cha paka. "Nimekuja kuomba. Peke yangu siwezi, na darasa litafungwa."

Hapo ndipo ndimi zilipolegea. Pacha mmoja anaogopa choo cha shule. Binti wa kinyozi hang'ati akipewa kitu cha kushika. Dada alisikiliza bila kutazama saa, jambo ambalo mimi nduguye sijawahi kufanyiwa.

Lakini hakuna aliyetamka kwamba atakuja.

Siku ya kufungua shule, nami nimekokotwa tena, mkuu alisimama getini mikono nyuma. Watoto wakaingia, wazazi hawaonekani. Dada alikuwa anawafunga watoto kamba za viatu ili asiinue uso. Halafu tukasikia kelele nje: "Inamisha! Inamisha, wewe!"

Kochi likapita getini, kinyozi mbele, mama wa mapacha nyuma, bibi akitoa amri pembeni. Walilitua katikati ya darasa, bibi akaketi, na watoto watatu wakampanda papo hapo. Mwalimu Mbio alisimama tuli, ameshika kiatu kimoja, analia na kucheka.

"Haya," bibi akamwambia, "sasa nyumbani hatuna pa kukaa. Itabidi tukae kwako."